Kiangazi Nilichokatazwa Kutokwa na Jasho

Mwezi uliopita nilimsaidia mama kufungasha vyombo kwa sababu anahama, na nyuma ya sufuria kubwa nikakuta kopo jekundu la bati. Nilijua ni nini kabla sijalifungua. Nililifungua hata hivyo. Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa amejificha humo miaka yote: maganda makavu ya chungwa, mizizi iliyokaa kwenye unyevu, na utamu fulani wa mbali unaokwaruza koo. Mama alikuwa amenipa mgongo, anazungushia vikombe magazeti. Alisema, "Hicho tupa tu." Hivyo tu, kama vile ni chumvi iliyoganda. Nililitupa, lakini hasira niliyoipata siku ile haijaniondoka mpaka leo.

Nyinyi mliokulia kwenye maghorofa ya zamani ya mji wa Hopkins, huku ughaibuni, kama mimi, labda mlimjua mtoto mmoja asiyeongea. Basi kwenye jengo letu mtoto huyo nilikuwa mimi. Si kwamba sikuweza. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama, na kwake niliongea vizuri, hata niliimba nikiosha vyombo. Mbele za watu, maneno yalikuja mpaka kwenye meno na kurudi. Tulikuwa hatujamaliza miaka miwili tangu tutoke kwenye kambi ya wakimbizi. Shuleni walicheka Kiingereza changu, kanisani watoto walicheka Kiswahili changu cha kambini, na mimi nikaona kwamba mtu akinyamaza hachekwi. Mama hakunisumbua. Wageni walipouliza, aliwajibu, "Huyu anasikiaka, ila hasemi." Mambo yakaishia hapo, mpaka siku tuliyokwenda kwa Mama Trevor.

Mama Trevor alikuwa Mkenya, alifanya kazi na mama kwenye nyumba ya kutunza wazee, na ndiye aliyempa mama lifti. Mjue hilo mapema, maana yote yaliyofuata yalisimama juu yake. Shifti yao ilianza saa kumi na mbili asubuhi, mahali ambapo basi halifiki saa hizo, na mama hakujua ku-drive. Kila alfajiri Mama Trevor alizunguka kutoka kwake Champlin mpaka kwetu, akapiga honi moja, na mama akashuka ngazi mbio na mkate mkononi. Bila honi hiyo hakukuwa na kazi.

Siku zake za mapumziko Mama Trevor aliuza dawa za Kichina. Hakuwa daktari, wala hakuwahi kufika China. Alikuwa amefundishwa wikiendi mbili hotelini, akapewa cheti, begi na mashine. Alialika akina mama nyumbani kwake, nyumba kubwa yenye zulia jeupe hata ukavua viatu ukiwa bado nje. Kulikuwa na chapati na kuku na soda. Ukutani aliweka picha ya mwili wa mtu uliochorwa mistari kama barabara, na juu ya meza ya kioo ilikaa kompyuta, na waya, na mwisho wa waya fimbo fupi ya shaba. Uliishika dakika moja, na kompyuta ikataja ini lako, figo zako, mifupa yako, kila kitu. Hakuna aliyeishika akaambiwa ni mzima. Wote walikutwa na mgongo.

"Mgongo! Mashine hii inajua kazi yetu," mama mmoja alisema. "Inajua tunanyanyua wazungu wazito!"

Wakacheka mpaka soda zikamwagika. Hata mimi nilicheka, kimoyomoyo. Ndipo Mama Trevor akaniona.

"Na huyu mtoi? Unaitwa nani, sweetie?"

Nikaangalia zulia.

"Mapendo," mama akajibu.

"Nimeuliza yeye."

Mama akasema, "Ana miaka tisa. Anasikiaka, ila hasemi."

"Hasemi kabisa, ama hasemi na watu?"

"Na watu."

"Aaah." Mama Trevor aliweka sahani chini, kama mtu aliyeona ufunguo wake uliopotea. "Wacha niwaambie kitu. Wachina wanasema ulimi ni mlango wa moyo. Moyo ukiwa weak, mlango haufunguki. Nyinyi mnadhani huyu mtoto ako na aibu. Si aibu. Ni moyo."

Nikawekewa fimbo mkononi. Ilikuwa imelowa jasho la watu wengine. Kwenye kompyuta ukatokea moyo, na pembeni yake mstari uliosimama, mweupe karibu wote, wenye rangi nyekundu kidogo tu chini kabisa. Akina mama wakasema, "Yesu!" Mama akaweka mkono mdomoni. Mimi niliujua mstari huo. Ulikuwa sawasawa na ule wa kwenye simu ya mama, inapobaki kidogo izime.

Hakuna aliyeinama kuniuliza nimeelewa nini. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mashine yenyewe. Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa kwamba moyo wangu umebakiza kidogo, kwamba kila ukipiga unatumia kilichobaki, na kwamba siku moja nitazima nikiwa darasani au bafuni. Usiku nililala chali ili nisiulalie. Ngazi nilipanda moja moja, nikipumzika kila ghorofa. Kitu kikinichekesha niliuma shavu kwa ndani, maana niliona kwamba kucheka kunaufanya uende mbio. Niliishi hivyo kiangazi kizima, na watu wazima walioniona nikipanda ngazi kama kizee walisema, "Maskini, mnaona, kweli anaumwa."

Mama alipewa kopo jekundu na karatasi ya majira manne. Karatasi ilisema majira ya baridi ni ya figo, majira ya majani kuanguka ni ya mapafu, na kiangazi ndicho cha moyo. Moyo hupenda kichungu, kwa hiyo chai mara tatu kwa siku bila sukari. Saa ya moyo ni saa tano hadi saa saba mchana, kwa hiyo nilale. Jasho ni maji ya moyo, na anayetokwa na jasho anaumwaga moyo wake, kwa hiyo nisikimbie. Barafu marufuku. Maji baridi marufuku. Ziwani marufuku. Mnajua kiangazi cha huku kina urefu gani. Tunapewa miezi mitatu tu ya kutembea bila koti, na mimi yangu nilipewa kitandani, dirisha limefungwa, nikisikia mpira ukigonga ukuta wa maegesho ya magari. Watoto wa jengo walishaambiwa na mama zao. Nikipita kwenda kutupa taka, walinielekezea mpira wa kumwagilia maji na kupiga kelele, "Bubu! Moyo wa kuku! Kuja ucheze, ama utakufa?" Nami nilikuwa nikifikiri kwamba ndiyo, nitakufa.

Mtu mmoja tu aliniokoa na upweke ule. Kwenye ghorofa ya chini aliishi Koko Vumilia. Koko ndivyo sisi tunavyomwita bibi, ingawa hakuwa ndugu yetu. Huyo moyo wake uliumwa kweli. Miguu ilimvimba mpaka ndala hazikuingia, na vidonge vyake vya hospitali alivipanga kwenye kisanduku cha plastiki chenye milango saba, mmoja kwa kila siku. Aliposikia habari zangu alimwambia mama, "Niletee mgonjwa mwenzangu." Akanitengea kiti dirishani.

Kwa Koko niliongea. Sikupanga, maneno yalitoka tu. Nadhani ni kwa sababu hakuniangalia. Aliangalia nje, akawasema watu wanaopita, nami nikajikuta namjibu.

"Wanasema wewe husemi," aliniambia siku moja.

"Nasema na wewe."

"Basi nyamaza hivyo hivyo. Wakijua, wataniita kila siku nikutafsirie."

Alilalamikia chakula chake ambacho daktari alikataza kitiwe chumvi, akasema anakula kama mfungwa. Alinifundisha kufungua kila mlango wa kisanduku na kumtolea vidonge vya siku. Kilikuwa kitu pekee nilichofanya kiangazi kile ambacho kilikuwa na maana, na nilikifanya vizuri.

Mwishoni mwa Agosti nilianza kutapika ile chai. Mama Trevor alisema ni sumu zinatoka, niongezewe. Kwa mara ya kwanza mama hakumtii. Alisema, "Dawa ni ya Wachina. Twende tumwulize Mchina." Tukapanda mabasi mawili mpaka Saint Paul, kwenye duka moja dogo lenye droo za mbao kutoka sakafuni mpaka darini. Daktari alikuwa mama mzee wa Kichina, nywele fupi nyeupe, sweta begani ingawa kulikuwa na joto. Mjukuu wake aliyafanya maneno yake kuwa Kiingereza, na mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wala wa kunicheka, nilikifanya Kiingereza kuwa Kiswahili.

Hakuwa na mashine. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu hata nikadhani amelala. Kisha wa kulia. Kisha akaniambia nitoe ulimi. Nilimwangalia mama, maana kwetu ukimtolea mtu mzima ulimi unachapwa. Mama akaitikia kwa kichwa kuniruhusu, nami nikautoa kidogo, nikiona haya. Aliuliza ninalala vipi, ninaota nini, ninakula nini, ninacheza wapi. Nilipojibu kwamba sichezi, mjukuu alirudia swali, akidhani sikuelewa.

Alifungua kopo, akamwaga chai kidogo kwenye karatasi, akaitenganisha kwa kucha. Alisema viwili anavijua, kimoja hakijui, na yeye hampi mtu dawa kabla hajamshika mkono. Kisha alisema maneno ambayo naweza kuyarudia hata leo. Moyo wa mtoto huyu una nguvu. Hana ugonjwa, ana hofu. Ni kweli kiangazi ni majira ya moyo, na ndiyo maana mtoto anatakiwa kuwa nje, alale kwa kuchelewa, aamke mapema, afurahi. Moyo unataka furaha wakati huu kuliko wakati wowote. Nani amemfungia ndani? Na la mwisho alilisema akimwangalia mama: kuna majani yanayogombana na vidonge vya hospitali. Mtu anayetumia vidonge vya moyo asiguse chai hii bila daktari wake kujua, wala asiache vidonge vyake.

Nilitafsiri yote. Sikuacha hata neno moja. Nalisema hili kwa sababu miaka mingi baadaye mama alidai kwamba siku ile hakuelewa vizuri.

Tulipotoka nilikimbia. Kutoka mlango wa duka mpaka kituo cha basi, viatu vikipiga lami, jasho likinitiririka, na sikuzima. Mama alinifuata polepole. Nilimwona akitabasamu, na nikaamini kwamba yameisha. Kwenye basi alinishika goti.

"Mapendo. Jumamosi utasema kama Mama Trevor alivyokufundisha."

Maana Jumamosi ilikuwa siku ya ushuhuda wangu, kusimama mbele ya wateja wake na kusema chai imeniponya. Ulikuwa umepangwa tangu Julai, na Mama Trevor alishanikaririsha maneno.

"Lakini munganga amesema—"

"Nimesikia munganga alichosema."

"Ni uongo, mama."

"Uongo uko wapi? Ulikuwa mgonjwa, sasa umepona. Si unakimbia?" Aliangalia nje ya dirisha. "Na Jumatatu nani atanipeleka kazini? Munganga yule?"

Nilikuwa na miaka tisa.

Jumamosi sebule ya Champlin ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Koko Vumilia alikuwepo. Mama Trevor alimleta kwa gari lake, akamweka kwenye kochi la mbele. Niliitwa nikasimama katikati ya zulia. Nilitarajia maneno yarudi kama kawaida, nilitamani yarudi. Yalitoka. "Mimi nilikuwa siwezi kuongea. Moyo wangu ulikuwa dhaifu. Nimekunywa chai kiangazi chote. Sasa naongea." Vigelegele vikalipuka. Wakapiga makofi, wakaniita malaika. Hapo nikaongeza la kwangu, ambalo hakuna aliyenifundisha: "Na sasa naweza hata kukimbia!" Wakashangilia mara mbili. Mama alinitazama kama hajawahi kuniona. Sitaficha: nilipenda. Ilikuwa mara ya kwanza watu wazima wananyamaza ili mimi niseme.

Koko alikuwa analia. "Mtoto wa maneno mengi ningemtilia shaka," aliwaambia waliokaa karibu naye. "Huyu hana maneno. Akisema, ni kweli."

Jumatatu nilipokwenda kumtolea vidonge, kopo jekundu lilikuwa juu ya jiko lake. "Leo acha kisanduku," alisema. "Vile vinanichosha, vinanipeleka chooni kila saa. Kama wewe umepona, mimi nani nisipone?" Jumatano vidonge vya Jumatatu vilikuwa bado ndani ya mlango wao, na vya Jumanne ndani ya wao. Nilivihesabu kwa macho kila siku. Ungedhani ningesema. Niliongea naye kila siku, na kitu kimoja tu hakikutoka. Ningesemaje? Ningeanza na kwamba nilidanganya, au na kwamba mama alijua? Mara tatu nilisimama mbele yake nikiwa nimejiandaa, na mara tatu alinivuta mkono na kusema, "Tazama, mimi na wewe tutaliona theluji tukiwa wazima."

Nikamwambia mama. "Koko ameacha vidonge."

"Nitamwambia."

Wiki ikapita. "Mama, umemwambia Koko?"

"Nimesema nitamwambia. Mambo ya wakubwa waachie wakubwa."

Majani yakaanza kuwa manjano. Koko alianza kulala akiwa amekaa, maana akilala chini alikosa pumzi. Mama aliliona hilo. Yeye na Mama Trevor kazi yao ilikuwa kutunza wazee. Wanalipwa kuona miguu iliyovimba. Wote wawili waliona, na mmoja alikuwa na chai ya kuuza na mwingine alikuwa na lifti ya kulinda, na waliniachia mimi mzigo wa kile nilichokiona.

Jumapili moja, tumerudi kanisani mchana, Mama Trevor akiwa bado na kofia yake kubwa, tulisikia kishindo chini. Koko alikuwa sakafuni kando ya kiti, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa kama mtu anayeinywa kupitia kitambaa. Watu wa ambulensi walifika haraka. Mmoja alipiga magoti na kuuliza kwa Kiingereza, anatumia dawa gani? Mama akasema hajui. Aliuliza tena, akimwangalia Mama Trevor. Mama Trevor akasema, "Vidonge vya kawaida tu, vya pressure."

Nilisema mimi, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Nilisema kwa Kiingereza changu kile kilichochekwa shuleni, kwa sauti iliyojaa korido, na milango ikafunguka. Nilisema anatumia vidonge vya moyo na ameviacha tangu mwanzo wa Septemba. Nilisema anakunywa chai. Nikaingia ndani nikaleta kisanduku, milango yote imejaa, nikaleta na kopo, nikamwekea yule mtu mikononi. Nilisema daktari wa Saint Paul alikataza. Nilisema mama yangu alikuwepo.

Walipoondoka naye, Mama Trevor alijifuta uso, akarekebisha kofia. "Lakini si mmeona vile mtoto ameongea?" aliwauliza majirani. "Mpaka Kizungu! Hiyo chai inafanya kazi, mtake msitake."

Baadhi yao waliitikia kwa kichwa. Nilimchukia pale pale, na sijapata sababu ya kuacha. Kesho yake alfajiri alipiga honi, na mama akashuka ngazi mbio. Mwaka uliofuata mama alijifunza ku-drive. Ilimchukua wiki sita. Wiki sita tu.

Koko hakufa. Alirudi baada ya siku nyingi, amekonda, na mashine ya oksijeni inayonguruma kando ya kitanda. Mama alimpikia supu, tukaenda naye, mimi mbele, yeye nyuma na bakuli. Koko alikuwa amelalia mito mitatu. Hospitali walikuwa wamemweleza kila kitu nilichosema koridoni. Aliniangalia, yeye ambaye hakuwahi kuniangalia tukiongea.

"Siku ile Champlin, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Koko."

Akavuta pumzi, akaiachia. "Basi mbona ulisema vizuri hivyo?"

Hakuniuliza kwa ukali. Alitaka kujua. Niligeuka kumwangalia mama, maana swali hilo halikuwa langu. Lilikuwa la mtu mwenye mashine, na la mtu aliyekuwa na mimi kwenye lile basi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, bakuli mikononi. Alisikia, naona bado vidole vyake vilivyokaza ukingo wa bakuli. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, hata nusu.

"Koko," alisema, "supu imepoa. Ngoja nikaipashe."

Akaenda jikoni, na mimi nikabaki kusimama mbele ya kitanda.